Meli na Kengele: Wokovu na Taabu katika Uhuru wa Watumwa

Kuna vitabu vinavyotajwa zaidi ya vinavyosomwa, na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela ni kimojawapo. Mwandishi yeyote wa historia ya fasihi ya Kiswahili hana budi kukitaja: kilitolewa London na Sheldon Press mwaka 1934, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1956, na kwa muda mrefu kilisomwa shuleni. Wako wanaokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, na wako wanaokikatalia jina hilo kwa kuwa kimesimama kati ya hadithi na tarikhi. Baada ya mabishano hayo mhakiki huongeza sentensi moja au mbili juu ya kasumba ya mwandishi, akafunga ukurasa. Katika makala haya tunakusudia kukisoma tena kwa swali jingine. Kitabu hiki kimeandikwa na Mkristo juu ya watu walioingia Ukristo wakitoka katika mateso ambayo ni wachache wetu tunaoweza kuyakisia. Je, chasema nini juu ya namna imani inavyokua katika taabu?

Swali hili sikulizua mimi. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nimerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo na mkoba wangu umejaa nadharia, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba Mbotela aliwasujudia Waingereza. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Kisauni, akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kwetu kitabu hicho hakisomwi kwa ajili ya Waingereza. Nyanya yangu alikiweka pamoja na Biblia kwa sababu kilisema kwamba babake alipita njia ile." Darasa likanyamaza. Nilijibu jambo fulani juu ya tofauti kati ya msomaji na mhakiki, jibu ambalo hata mimi halikuniridhisha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikirudia kitabu kwa jicho lingine.

Mpango wake ni rahisi. Kwanza twaona utekaji wa watu huko bara, kisha safari ya mguu hadi pwani, kisha jahazi. Baharini manowari ya Kiingereza yatokea, jahazi lashikwa, na waliokuwa bidhaa wawa watu tena. Mwisho ni maisha mapya ya Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita. Mbotela hakuyashuhudia ya mwanzo. Yeye ni mwana wa waliotekwa, alilelewa Freretown, na anasimulia aliyoyapokea kwa wazee wake. Lugha yake ni ya msimulizi wa barazani: vitendo ni vingi, tafakari ni chache, na watu hutembea kwa makundi zaidi ya kutembea mmoja mmoja. Si kasoro kubwa hiyo; ndivyo kumbukumbu ya jamaa inavyosema.

Kilele cha kitabu ni meli. Kabla ya meli ni giza, baada ya meli ni nuru. Mgawanyo huu ndio unaobeba maana yote ya kisa, nao, kwa maoni yetu, ndio unaokidhuru kitabu kuliko sifa zenyewe wanazomiminiwa Waingereza. Kwa kuwa wokovu umetimia siku moja, tena kwa mkono wa mtu mwingine, aliyeokolewa hana la kufanya tena ila kushukuru. Shukrani ni jambo jema, lakini si imani. Shukrani humtazama yule aliyetenda jana. Imani lazima imchukue mtu asubuhi ya kesho, naye haoni meli yoyote kwenye upeo wa bahari.

Historia ya Freretown yenyewe ina ushahidi mwingine, na yafaa tuukumbuke. Mkataba alioutia saini Sultani Barghash mwezi wa Juni 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kuyafunga masoko yao. Utumwa wenyewe haukuguswa. Mwaka uliofuata Church Missionary Society ilimleta William Salter Price kuanzisha makazi ya waliokombolewa. Ardhi ilinunuliwa Kisauni, na makazi yakapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja kumshawishi Sultani akubali mkataba ule. Tangu 1875 manowari zikawa zinashusha watu hapo. Walikuwako pia Waafrika waliotoka Nasik huko India, ambao nao walikuwa mateka wa zamani waliosomeshwa ugenini. Kati yao walitoka walimu na mafundi wa makazi.

Tumfikirie sasa mtu aliyeshushwa pale. Hajui lugha ya mji. Jirani yake wa kulia ni Myao, wa kushoto ni Mmakua, na wa mbele yake ni mtoto asiyekumbuka kabila lake. Amepewa jembe, kipande cha shamba, na baadaye jina jipya. Alfajiri kengele inalia, naye hana budi kuamka, kwenda kusali, kwenda kulima, kurudi. Kengele hiyo ilikuwa na kazi nyingine ambayo wenyeji hawajaisahau: ilipigwa pia kuwaonya watu kwamba washikaji wanakuja. Hata leo makondakta wa matatu zinazovuka daraja la Nyali huita "Kengeleni!" na abiria hushuka bila ya kuitazama kengele iliyowapa jina hilo.

Hapa ndipo tunapoona kwamba Mbotela alikuwa na ishara mbili mkononi, akaitukuza moja. Meli ni tukio. Kengele ni desturi. Meli huja mara moja, na anayeokolewa nayo hajafanya lolote. Kengele hulia kila siku, nayo humtaka mtu aitike kwa miguu yake mwenyewe, akiwa amechoka au ana njaa, akiwa na sababu ya kumchukia yule anayeivuta kamba. Sababu hizo zilikuwako. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa makazi, J. R. Streeter, aliondolewa baada ya uchunguzi juu ya ukali wa adhabu zake za viboko. Mtu aliyetoka katika kiboko cha msafara akakutana na kiboko cha misheni, kisha Jumapili akaingia kanisani na kuimba, alikuwa akifikiri nini? Riwaya ya kweli ya Freretown ingeanzia katika swali hilo. Uhuru wa Watumwa haumtuliji msomaji hapo muda wa kutosha. Uzito wake wote umekwisha kuegemea upande wa bahari.

Tuliangalie jambo hili kwa upande wa lugha, maana huko ndiko idara kama yetu inakoweza kusaidia. Kiswahili cha Mombasa cha zama zile kilikuwa na neno moja, bwana, kwa watu watatu. Mwenye mtumwa ni bwana wake. Mzungu wa misheni ni Bwana Price, Bwana Streeter. Na Kristo ni Bwana Yesu. Aliyefundishwa katekisimu Kisauni alikuwa amewahi kuwa na bwana wa kwanza, alikuwa akimtumikia wa pili, na alikuwa akiambiwa ampende wa tatu. Vivyo hivyo neno mtumwa. Mzizi wake ni tuma, sawasawa na mtume. Tofauti ni kiambishi cha kutendwa. Katika mstari wa kwanza wa Waraka kwa Warumi Paulo anajiita mtumwa na mtume kwa pumzi moja. Msomaji wa Ulaya huiona hiyo kuwa tamathali ya usemi. Kwa mzee wa Freretown mwenye kovu la mnyororo shingoni haikuwa tamathali. Alipokubali kuitwa mtumwa wa Kristo alikuwa akisema ama jambo la kutisha ama jambo la ushujaa mkubwa: kwamba neno lile lile lililomvunja linaweza kuchukuliwa kutoka kwa mwenye jahazi, likapewa mwenyewe mpya.

Ukuaji wa kiroho wa jamii ile ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuwatenga mabwana hawa watatu. Asiyeweza kumtenga wa tatu na wa kwanza hakuwa na sababu ya kusali. Asiyeweza kumtenga wa tatu na wa pili alisali, lakini imani yake ilianguka siku Mzungu alipomkosea. Mbotela amefaulu vizuri sana katika kutenga kwa kwanza. Katika kutenga kwa pili mkono wake unatetemeka. Huruma ya Mungu na nguvu ya manowari vimekaa karibu mno katika kitabu chake, hata msomaji hana hakika ni ipi inayosifiwa. Kwa hiyo tungesema kwamba ila ya kitabu ni ya kiteolojia kabla ya kuwa ya kisiasa. Na wahakiki wa kasumba wameiona dalili bila ya kuutafuta ugonjwa.

Pana ushahidi kwamba jamii yenyewe ilikuwa imekwenda mbele kuliko kitabu. Utumwa katika mashamba ya bara ya Mombasa, yaani Kisauni, Changamwe na Likoni, haukufutwa kisheria ila mwaka 1907. Aliyeshikwa baharini alikuwa huru; aliyetoroka shamba lililo jirani ya Freretown alikuwa bado mali ya mtu, na wamishenari walidaiwa mara kwa mara wamrudishe. Kwa mtoro huyu hapakuwa na meli. Alitembea usiku. Wengi walikwenda Rabai, na wengine wakaenda mbali zaidi, Fulladoyo, makazi yaliyoanzishwa karibu na mwaka 1879 na Abe Ngoa, Mkristo wa Kigiriama, mahali ambapo watoro waliishi na kusali bila ya mmishenari wa Kizungu kukaa nao. Mmoja wa viongozi wao, David Koi, alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Wokovu wa watu wa Fulladoyo hauwezi kusimuliwa kwa kilele cha meli. Hapana aliyewajia, wao ndio waliokwenda, na walipofika walijua kwamba wanaweza kufuatwa. Ikiwa imani ilikua mahali popote katika pwani hii kwa njia ya taabu za kila siku, ilikua pale, na fasihi yetu imepita kimya.

Hata Rabai, waliotambuliwa rasmi kuwa huru walipatiwa uhuru kwa fedha. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati zao, baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki kukubali kuwalipa waliodai kuwa mabwana zao. Kiswahili kina neno halisi kwa jambo hilo, nalo ni kukomboa: ndivyo tunavyosema juu ya pete iliyowekwa rehani. Wahubiri wa Rabai hawakuwa na haja ya kueleza maana ya Mkombozi, maana mkutano ulikuwa umeiona bei. Lakini neno hilo pia lina mtego, kwa sababu anayelipa hupata haki juu ya alichokilipia.

Hatutaki kumdai Mbotela kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Hata hivyo yafaa kuuliza ni mifano gani aliyokuwa nayo. Mmoja ulikuwa mlangoni pake. Fasihi ya Waislamu wa pwani ina Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha katika miaka ya 1920, na humo taabu haiishi kwa tukio la nje. Ayubu hupoteza mali, watoto na afya, na kisa chote ni kule kukaa kwake ndani ya hasara, pamoja na mke asiyemwacha. Subira humo ni kitendo. Mshairi haharakishi kumponya Ayubu, kwa kuwa akimponya upesi hatakuwa na la kusimulia. Nadhani Mbotela hakuweza kuazima kwa jirani huyo kwa sababu katika kitabu chake jirani ni adui: Waarabu na Waswahili wametiwa katika kapu moja la washikaji. Hasara ya kufanya hivyo si ya haki tu, ingawa ni ya haki pia, kwa kuwa mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa mwenye shamba wanakutana leo katika kivuko kimoja cha Likoni. Ni hasara ya sanaa vilevile. Alijinyima umbo la Kiswahili lililokuwa tayari kuubeba uzito wa habari zake, akachukua umbo la kisa cha uokozi ambacho wamishenari walizoea kuwapelekea wafadhili wao.

Mfano wa pili ni wa Kikristo. Mwaka 1887 ilitoka London Kiungani, ambamo A. C. Madan alikusanya masimulizi ya wavulana wa shule ya misheni ya Unguja. Kila mvulana hueleza utekwaji wake kwa nafsi ya kwanza, alivyouzwa na kuuzwa tena, akipita mkono baada ya mkono. Ni masimulizi makavu, hayana mapambo, na kwa sababu hiyo yanachoma. Mtoto hasemi kwamba alihuzunika. Asema ni kitu gani alichobadilishwa nacho. Kwa bahati mbaya yalitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza ya Madan, nasi wasomaji wa Kiswahili twayapata leo kwa kupitia lugha ya wengine. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza katika maktaba moja ya Uingereza nilijikuta nikiyarudisha kwa Kiswahili kimoyomoyo, sentensi baada ya sentensi, nikiona haya kidogo kwamba ilinipasa kuvuka bahari ili nisikie sauti ambazo zilitoka Unguja.

Ukimlinganisha na wavulana hao, Mbotela ana sifa moja ambayo wao hawana, nayo ndiyo iliyomgusa nyanya wa mwanafunzi wangu. Wao walikuwa wakijibu maswali ya mwalimu wao. Yeye aliwaandikia watoto wa Freretown kwa lugha yao, miaka 59 baada ya watu wa kwanza kushushwa, wakati wazee walikuwa wakiisha na makazi yenyewe yamefifia. Shule ya makasisi iliyoanzishwa hapo mwaka 1888 ilikuwa imehamishiwa Limuru mwaka 1930. Aliona kwamba habari zitapotea. Mtu aandikaye kwa hofu hiyo hukumbuka kwanza siku kubwa. Siku ndogo, zile za kengele, huonekana kwake kuwa hazina haja ya kuandikwa, kwa kuwa kila mtu anazijua. Ndivyo zinavyopotea.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya kale. Mimi nakaa Changamwe, si mbali na kiwanda cha mafuta kilichoacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu reli mpya ilipoanza kuchukua makontena ya bandarini, wenye kazi za malori katika mtaa wetu wamepungukiwa, na usiku vipaza sauti vya mikutano ya injili hutuambia kwamba muujiza wetu uko njiani, kwamba utafika mwezi huu, kwamba tukae tayari. Ni meli ile ile. Alfajiri, kabla vipaza sauti havijaamka, mama mmoja wa ploti yetu hukanda unga wa mahamri, huyakaanga, huyapanga katika beseni, kisha hupitia kanisani kabla ya kwenda kuyauza. Mumewe hajapata kazi tangu gari alilokuwa akiendesha liliposimamishwa. Sijamsikia mama huyu akihubiri. Nilipomwuliza siku moja kama anangojea muujiza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anangojea mvua huku anateka maji. "Baba," akasema, "mimi nangojea unga ushuke bei." Mtu kama huyo hana mwandishi wake katika Kiswahili cha Kikristo. Tuna vitabu vya mahubiri vingi, na shuhuda nyingi za wagonjwa waliopona. Za wale ambao hawakupona, na bado wanasali, ni chache mno.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Uhuru wa Watumwa kirudi darasani, lakini kisirudi peke yake. Kisomwe pamoja na Utenzi wa Ayubu, na pamoja na masimulizi ya Kiungani yakisharudishwa katika Kiswahili, kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya pili angeweza kuianza kesho. Kisomwe pia pamoja na habari za watu ambao Mbotela hakuwafanya kuwa mhimili wa kisa chake. Nafikiri hasa juu ya William Jones, aliyetekwa akiwa mtoto, akalelewa India, akapewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington kwenda Buganda. Hannington aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai, safari ndefu ya mguu, akielekea upande ule ule wa bahari alikopelekwa zamani akiwa amefungwa. Sijui kama yuko mwandishi wa Kiswahili aliyewahi kumpa kurasa kumi.

Muhula uliopita nilifanya jaribio dogo. Niliwapa wanafunzi nakala za kitabu na penseli, nikawataka waweke alama penye kila tajo la wema unaotendwa, waandike pembeni ni nani anayeutenda: Mungu, Mzungu, au mtumwa mwenyewe. Safu mbili za kwanza zilijaa upesi. Ya tatu ilibaki nyembamba, na darasa likaanza kugombana: je, mateka anayemshika mkono mwenziwe njiani asianguke, wema wake uandikwe wapi? Yule binti wa Kisauni amekwisha kuhitimu, lakini mdogo wake alikuwamo. Yeye alisema uandikwe katika safu mbili pamoja, ya kwanza na ya tatu. Wenzake walikataa, wakisema kwamba huko ni kukwepa. Kipindi kikaisha kabla hawajapatana, na nakala zao, zenye alama za penseli, bado ziko mezani kwangu.